Maneno Niliyokulisha Kule Alexandra

Nassoro mwanangu,

Habari za soksi, sabuni na dawa ya kifua umeshazisikia kwa mama yako tangu juzi, na begi lenyewe kalipanga na kulipangua mara tatu, kwa hiyo mimi sizigusi. Kesho saa tatu asubuhi hakimu atatoa adhabu yako, na wakili amesema tuje na begi. Mtu haambiwi aje na begi ikiwa anategemewa kurudi kula mchana nyumbani.

Nakuandikia nikiwa karakana, alasiri hii, mlango nimeufunga. Mwenye lile kochi la kijani amegonga, amechoka, amekwenda zake. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kinatosha kuagiza sponji na vitambaa, hapo kinakomea. Wewe Kiswahili unakielewa kuliko unavyokisema. Nikikusemesha unanijibu "sharp, taima," kama unavyojibizana na wenzako wa mtaani kwetu Troyeville wanaowaita baba zao hivyo. Basi soma polepole. Wakikupeleka huko wanakosema, muda utakuwa nao.

Nasaha sikupi. Baba akianza nasaha ujue kuna kitu anakifunika, na mimi nimekunasihi miaka ishirini na miwili mfululizo. Leo nafunua.

Nianze na siku yenyewe, maana mahakamani imesimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na mimi niliyekuwepo sikuisimulia. Nilikuwa nimeinama kwenye kochi, misumari midogo imejaa mdomoni. Yule kijana Mandla akaingia, akachukua simu yangu mezani na mashine ya kutobolea. Nikamshika shati. Akatoa kisu akakiegemeza tumboni kwangu. Wewe ukatokea nyuma na mguu wa kochi uliokuwa ukisubiri vanishi, ukampiga nao begani. Akaangusha vitu, akakimbia, nawe ukamfuata mpaka kwenye kona yenye taa za kuongozea magari, robot kama tunavyoziita hapa. Akajikwaa akaanguka. Mimi nilishafika mlangoni, na kutoka mlangoni kona ile inaonekana yote. Alipiga goti moja, akageuka kukukabili, kisu bado kiko mkononi. Ukampiga kwenye mkono, mkono ukavunjika, kisu kikadondoka. Halafu ukampiga tena, kichwani.

Watu wakajaa. Polisi walipofika kisu hakikuwepo tena. Mtu alishakiokota akaenda nacho, kama anavyookotewa mtu sufuria aliyoisahau nje. Mpelelezi akamkuta kijana wa watu anavuja damu barabarani na wewe umesimama na gongo. Akaandika jaribio la kuua. Ukaenda mahabusu.

Baada ya siku chache mwendesha mashitaka akalishusha kosa, likawa shambulio la kukusudia kumdhuru mtu vibaya mwilini. Nakumbuka tulivyoshangilia kwa Mzee Mbwana, mshauri wa kila mtu, eti limeshuka! Kana kwamba mashitaka ni nyanya za sokoni, zikishuka umefaidi. Kibaraza chake pale Bertrams kina mabingwa wa sheria kuliko mahakama yoyote ya nchi hii. Mmoja anauza kadi za simu, mwingine anaosha magari, wa tatu hata sijui anafanya nini zaidi ya kunywa chai ya wenzake. Mmoja akasema mwizi akiingia kwako una ruhusa ya kumfanya utakavyo. Mwingine akasema kubali kosa tu, utaonywa uende nyumbani, yeye binamu yake alionywa. Wote wanatikisa vichwa, na mimi natikisa pamoja nao, mtu mzima na mvi zangu.

Aliyejua anachosema alikuwa yule binti, wakili wako uliyepewa na serikali, yule ambaye visigino vya viatu vyake vimelika upande mmoja. Tulimdharau kwa sababu ya viatu na kwa sababu ya umri. Yeye alinisimamisha kwenye ukumbi wa mahakama akanieleza, na nakuandikia kama nilivyomwelewa, kwa kuwa nadhani hujawahi kuelezwa ukiwa umetulia. Kujihami ni haki yako, ila haki hiyo inahesabiwa pigo kwa pigo. Kila pigo linaulizwa: wakati linatua, je, hatari ilikuwepo au ilishapita? Kulikuwa na njia nyingine? Nguvu ililingana na hatari? Pigo la karakana, hakuna anayekulaumu. La kwanza pale kona, kama kisu kilikuwa mkononi mwake, hata hilo unaweza kulitetea. Kama mikono yake ilikuwa mitupu, basi ulikuwa unalipiza, na kulipiza sheria haikujui.

Na la pili pale kona? Hilo lilikuwa la hasira. Nililiona likiondoka. Hilo ni lako, mwanangu, sitalibeba kwa niaba yako wala sitakudanganya kwamba halikuwepo. Lakini kumpiga mtu pigo moja la hasira sekunde ile ile aliyokuwa amekushikia kisu, na kumshukia kwa gongo mtu aliyelala chini hana kitu, ni mambo mawili mbali kabisa, hata adhabu zake ziko mbali. Kesi yako yote ilisimama hapo. Kulikuwa na kisu, au hakukuwa na kisu?

Sasa nije kwangu.

Ulipotoka kwa dhamana, ulikuja na karatasi. Ulitusomea mbele ya Mzee Mbwana. Ukasema, "Baba, eish, hapa imeandikwa nisimsogelee Mandla, nisiongee na watu wake." Mzee Mbwana akacheka. Akaniambia, "Hamza, mambo haya yanamalizwa na watu, hayamalizwi na karatasi. Mpeleke mtoto akapige magoti. Mama yake Mandla hatakuwa na moyo tena wa kusimama mahakamani." Na mimi, baba yako mwenye akili nyingi, nikakujibu kwamba karatasi haijui adabu, sisi tunaijua.

Wewe umezaliwa hapa, kwa hiyo nikueleze adabu yenyewe, uone jinsi nilivyokuingiza shimoni kwa adabu. Tanga nilikokulia, anayekwenda kutaka radhi hapimi kosa lake. Anajishusha. Ukimkanyaga mtu kidole unasema umemuua. Naye akiwa mstaarabu anakujibu, aa, umenigusa tu, wala sikusikia. Mkosaji anazidisha, mkosewa anapunguza, mnakutana katikati, mnakunywa kahawa. Nimeona ndoa zikiponyeshwa hivyo na viwanja vikigawanywa hivyo. Nikasahau kwamba huku kuna mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kusikiliza ulivyozidisha, na yeye hapunguzi.

Tukaenda Alexandra, nyumbani kwa kina Mandla, Jumapili, mimi, wewe na Mzee Mbwana, na mchele, mafuta, sukari na kanga ya yule mama. Ndani ya teksi, hizi za huku za kujazana kama daladala, nikakulisha maneno. Nilikwambia useme, "Ulikuwa umeanguka, mikono mitupu, nami nikakuonea." Ukanitazama. Ukasema, "Lakini, baba, alikuwa na kisu." Nikakwambia nakijua, nimekiona kwa macho yangu, ila radhi haitajiwi kisu, ukitaja kisu utakuwa unajitetea, na anayejitetea hajaomba. Ile "mikono mitupu" niliitunga mwenyewe palepale, kati ya abiria wawili, kwa sababu nilisikia inapendeza. Nilijivunia kabisa.

Ukapiga magoti kwenye saruji ya chumba kile, ukayasema kwa Kizulu safi ambacho mimi sitakifikia mpaka naingia kaburini. Mandla amelala kwenye godoro, mkono umefungwa plasta, anaangalia ukutani. Mama yake akalia, akakuinua, akaleta chai na skonzi. Mzee Mbwana akala skonzi nne na kuomba dua ndefu ambayo wenyeji hawakuelewa hata neno. Tukarudi tumevimba vichwa.

Wiki haikuisha, mpelelezi akaja. Jirani yao mmoja alisema kwamba tulifika pale, na kwa nini asiseme? Dhamana ikafutwa kwa kuvunja masharti, ukalala mahabusu wiki tatu mpaka wakili alipokwenda kukuombea upya. Mzee Mbwana siku hiyo akakumbuka ana safari ya Durban. Tangu hapo hajakanyaga mahakamani hata kwa bahati mbaya, ingawa kibarazani bado anatoa ushauri, na nasikia sasa amepata kesi nyingine ya kuharibu.

Yule mama wa Alexandra simdharau. Alipoitwa shahidi alisema alichokisikia, neno kwa neno, wala hakuongeza chumvi: kijana alipiga magoti nyumbani kwangu akasema mwanangu alikuwa chini, mikono mitupu, akamwonea. Mandla akasema hajawahi kumiliki kisu. Halafu mwendesha mashitaka akakuuliza wewe: ulimdanganya mama huyu ukiwa umepiga magoti, au unaidanganya mahakama hii leo?

Mama yako ameniambia uligeuka ukatazama mabenchi, ukinitafuta. Halafu ukajibu kwamba maneno yale yalikuwa yako, ila kisu kilikuwepo. Wakili akakuuliza kama kuna mtu aliyekwambia useme hivyo. Ukasema hakuna. Nassoro, neno hilo "hakuna" nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku ile. Ulijua aliyekwambia. Ulinifunika mimi mbele ya watu, na mimi siku hiyo nilikuwa kitandani Troyeville, nimejifunika blanketi saa nne za asubuhi.

Uliambiwa presha ilipanda. Presha haikupanda. Wakili alinifuata mara mbili akaniambia, mzee, wewe ndiye uliyekiona kisu, na wewe ndiye uliyetunga maneno yale, njoo useme mawili hayo tu, dakika kumi. Nikasema nitakuja. Asubuhi yake nikajishika kifua nikamwambia mama yako aende peke yake. Mama yako si mjinga. Alisimama mlangoni na kitambaa chake kichwani akasema, "Bon, sawa, lala. Ila mtoto akiuliza, mimi nitasema nini?" Nikamgeuzia mgongo.

Niliogopa kibali. Wewe una karatasi zako kwa upande wa mama yako, ambaye alitoka Burundi akakubaliwa ukimbizi. Kibali changu cha kuishi nchi hii kimekwisha miaka mingi. Kila nikienda kukiongeza naambiwa nirudi, mwishowe nikaacha kwenda. Wakili alinieleza kwamba shahidi anaitwa kusema alichokiona, si kukaguliwa karatasi, na hata likitokea la kutokea kuna njia za kulishughulikia. Sikumwamini yeye mwenye shahada ya sheria. Niliamini kibaraza kilichosema ukiingia mle unatoka na pingu.

Tena haikuanzia hapo. Siku ile ile ya tukio mpelelezi aliniuliza kama nataka kufungua kesi ya unyang'anyi. Unyang'anyi wa silaha si mchezo katika nchi hii: anayetiwa hatiani, hata kama ni mara yake ya kwanza, sheria inamwekea miaka kumi na mitano kuwa ndio chini, hakimu hashuki hapo mpaka aone sababu nzito. Nikasema hapana, sina malalamiko. Mandla hakuondoka na kitu, kwa hiyo huenda lingekuwa jaribio tu, lakini kisu kingeandikwa kwenye karatasi ya polisi siku hiyo hiyo, kabla damu haijakauka, na saini yangu chini yake. Nikaogopa kuandika jina langu. Wewe ukaandikwa lako.

Sasa unaona kwa nini nilikimbilia Alexandra na mchele. Suluhu haiulizi kibali. Nilijiambia ni mila, ni adabu za wazee wetu, nikamvalisha woga wangu kanzu na kofia akapendeza. Hata Mzee Mbwana ninayemchamba hapa, yeye ni mropokaji tu. Aliyekuwa na la kupoteza akachagua kumpoteza mwanawe ni mimi.

Usidhani nilizaliwa hivi. Ulikuwa na miaka mitano mwaka ule wageni walipofukuzwa majumbani, vurugu zilipoanzia huko huko Alexandra zikasambaa. Tulilala uwanjani wiki mbili, wewe katikati yetu, unauliza kwa nini jirani yetu hakutufungulia mlango. Hapo ndipo nilipojifunza kupita nimebana ukuta nisionekane. Nikiibiwa, nanyamaza. Nikidhulumiwa kazi, nanyamaza, nasema Mungu anaona. Nikawa natembea hivyo mpaka nikasahau kwamba kuna mtu ananifuata nyuma. Nyumbani nikawa simba, nakufokea kwamba mwanamume hakubali kuonewa. Ukanisikia. Ukakimbia mpaka kona ile na gongo kumwonyesha baba yako mwanamume anavyokuwa. Hilo nalo, nilikuwa wapi nisilione?

Kuhusu kesho, nikupe ninavyojua. Wakili anasema hakimu akitoa adhabu anatazama matatu: kosa lenyewe, mtu aliyelitenda, na watu wanaoishi naye. Kwa kosa lako sheria haikuweka kiwango cha chini kama ule unyang'anyi, kwa hiyo hakimu ana nafasi. Anaweza kukupeleka jela moja kwa moja. Anaweza kutamka kifungo halafu akakisimamisha, kikae kinaning'inia kichwani, kikuangukie ukikosea tena. Anaweza kukupa kifungo cha kutumikia nje, unafanya kazi huku unakaguliwa. Mwendesha mashitaka anataka jela kwa hoja moja: kijana huyu alimpiga mtu asiye na kitu, na mpaka leo anasingizia kisu, maana yake hajutii.

Watakuuliza kama unajuta. Najua umeapa kutotamka tena neno la kuomba msamaha, na anayeweza kukulaumu kwa hilo si mimi. Lakini lile pigo la kichwani unalijutia, nimekusikia ukimwambia mama yako. Liseme hilo, kwa ukubwa wake ule ule. Usizidishe kwa ajili ya hakimu, usipunguze kwa ajili ya wale watakaokusikiliza huko ndani wakitaka ujisifu. Nilikufundisha kuongeza, na umeona kilichotupata.

Leo asubuhi nilikwenda ofisini kwa wakili kwa miguu, nikamwambia kila kitu, cha kisu, cha teksi, cha blanketi. Nilitegemea anitukane, ningefurahi. Akasema tu, "Baba, hii ungeniletea miezi minne iliyopita." Kisha akatoa kalamu. Amesema kesho ataniita kizimbani kabla adhabu haijatolewa. Hatia haifutiki kwa hilo, tusijidanganye. Ya kukata rufaa ni safari nyingine, ndefu, na mahakama ya juu itauliza huyu baba alikuwa wapi siku zote. Ila hakimu atapima adhabu huku amesikia. Mwendesha mashitaka atanichana. Ataniuliza kwa nini nitegemee aniamini leo. Sina jibu zuri la kumpa, nitampa lililopo.

Mama yako nimemwambia mchana. Amekwenda kutafuta begi la pili.

Sikuombi radhi kwenye barua hii. Nimeshakuonyesha radhi ya kwangu ilivyo, ni maneno matamu ya mtu anayetaka jambo liishe haraka. Kwanza nitasema nilichofanya, mahali pale ambapo kusema kunanigharimu, na wewe ukiwa unanisikia. Baada ya hapo, kama siku moja utataka kuniita baba, utaniita. Usipotaka, nitakuja kukutembelea vilevile siku za wageni, nikae upande wangu wa meza, kama watakuwa hawajaniondoa nchini.

Kabla sijafungua mlango wa karakana nimekuwa nikijizoeza kwa sauti, hapa peke yangu, ili ulimi usije ukanisaliti kesho. Naitwa Hamza, ni fundi makochi, ni baba wa mshitakiwa, kibali changu kimekwisha, na mwanangu amesema kweli.

Baba yako